Mwaka wa Kutazama Nyayo

Siku ya tatu ya msiba wa Bi. Mwanakombo nilikaa uani kwake, Ngamiani, pamoja na kina mama waliokuwa wakichagua mchele wa khitma. Mimi nilikuwa nyuma ya lile sufuria kubwa la kukodi, kwa hiyo walionizungumzia hawakuniona. Mmoja akasema, "Hawa ndiye aliyemponza marehemu. Hina ya Hawa ndiyo iliyomla kidole." Mwenzake akamjibu bila kuinua uso kwenye ungo, "We hujui ulisemalo. Hawa ndiye aliyemwokoa. Bila ya Hawa angezikwa na mguu mmoja." Wakabishana kidogo, kisha wakahamia kwenye habari ya kuni mbichi. Nikabaki na ungo wangu mapajani najiuliza nimsahihishe yupi kwanza, na sikumsahihisha hata mmoja. Kila mmoja alikuwa na nusu ya kweli. Ndiyo maana jana nimetoa sandukuni madaftari yangu ya mwaka ule wa ugonjwa wake. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, na mwandiko wangu wa usichana unanitia aibu mimi mwenyewe, lakini nilizoea kuandika mstari mmoja au miwili kila siku, na mpaka leo naandika. Nitayasema yaliyomo. Pale daftari liliponyamaza, nitasema limenyamaza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa kwa Bi. Mwanakombo najifunza kupaka hina. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vinne na ukumbi mrefu katikati. Chumba chetu cha kazi kilikuwa cha kwanza kushoto, kina kitanda cha kamba, mkeka wa ukindu wa kukalia wateja, na dirisha linalotazama barabarani. Kilinuka majani ya hina yaliyotwangwa, ndimu na mafuta ya karafuu, harufu ambayo hata nikiisikia leo kwenye nguo ya mtu hunifanya nitazame chini, kama ninayetafuta miguu. Asubuhi tulikunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha au mkate wa kumimina uliobaki jana yake. Mchana tulikula wali kwa samaki, au bada, ule ugali wa muhogo, kama nazi zimepatikana za kutosha kwa mchuzi mzito. Chumba cha mkono wa kulia kilikuwa cha wifi yake, Bi. Sauda, dada wa marehemu mume wake, mwanamke mwembamba mwenye ulimi ambao mtaa mzima uliukwepa. Wawili hao walikaa pamoja miaka mingi na sikumbuki siku waliyokubaliana kuhusu chumvi. "Wifi, chumvi ya mchuzi wako leo imezuiwa forodhani?" "Kula tu, wifi. Huna meno ya kuchagua." Nilidhani wanachukiana. Sasa nadhani hapana, ila sina ushahidi wa maandishi.

Bi. Mwanakombo alikuwa na kisukari na hakukificha. Vidonge vyake vilikaa ndani ya kopo la vileja juu ya kabati, akavimeza siku anazokumbuka. Kilichomsumbua ni miguu. Mara alisema inamuwaka moto, mara alisema imekufa ganzi, na mimi kwa ujinga wangu niliona mambo hayo mawili hayawezi kukaa kwenye mguu mmoja. Yanakaa. Dawa yake ilikuwa hina, na hapo hakuwa peke yake. Pwani hii kila mwanamke anajua kwamba hina hupoza. Nyayo zikiwaka unapakwa hina nene chini ya mguu, unafungwa kitambaa, unalala, unaamka umepoa. Nilimpaka kila baada ya wiki mbili, kuanzia kisigino mpaka vidoleni, mpaka nyayo zake zikawa na wekundu unaokaribia weusi. Alitaka ikolee. "Hina isiyokolea ni matope," alikuwa akisema. Na nisimame hapa kidogo niseme jambo moja kwa haki: hina haikumkosea mtu. Wako waliokuja kuisema vibaya baadaye, na wengine waliacha hata kuwapaka maharusi wao. Huo ni uonevu. Hina ilifanya kazi yake ya siku zote, ambayo ni kufunika ngozi.

Kilichotokea kilitokea Moa. Tulikwenda kupaka harusi, tukapanda basi la Horohoro, tukateremka njiani na kumalizia nyuma ya baiskeli za vijana wa pale. Nyumba ya harusi ilikuwa imejaa, na sisi tukaacha viatu mlangoni kama watu waliolelewa. Chumbani palitandikwa mikeka mitatu iliyopandana. Tulipakwa marashi, tukaletewa vitumbua na chai ya tangawizi, kisha chetezo kikaanza kuzungushwa, udi unafuka mpaka macho yanatoa machozi. Bi. Mwanakombo alisimama kunyoosha mgongo baada ya kumaliza mkono mmoja wa bibi harusi. Hapo mama wa bibi harusi akasema, "Kuna kitu kinaungua." Kila mtu akaanza kutafuta. Wakainua mito, wakakunguta leso, mmoja akatoka kuchungulia jikoni. Bi. Mwanakombo mwenyewe ndiye aliyekuwa akitoa amri, kasimama katikati ya chumba kama nahodha. "Tazameni upindo wa pazia. Tazameni kule kwenye godoro." Harufu ikazidi, na ilikuwa harufu ya ngozi, lakini nani angefikiria hivyo. Mwishowe akasogea hatua moja ampishe mtu, na chini alipokuwa amesimama tukaona kaa lililoanguka kutoka kwenye chetezo, limezimika nusu, na mkeka umetoboka kiasi cha shilingi.

Chumba kizima kikacheka. Shangazi mmoja wa pale akasema, "Huyu si mtu, huyu ana jini la moto." Bi. Mwanakombo akacheka pamoja nao, akaupangusa unyayo kwa upindo wa leso yake bila kuutazama. "Miguu ya kazi hiyo," akasema, "imekomaa." Na mimi, Mungu anisamehe, niliona fahari. Niliona nina mwalimu asiyeunguzwa na moto. Hadithi ile ilitutangulia Tanga; tulipofika, jirani yetu alikuwa keshaisikia.

Tuliporudi alilalamika kuwa mguu wa kulia ni mzito, akaniambia nimpake hina apoe. Nikampaka. Daftari la siku hiyo linasema hivi, nanukuu kama lilivyo: "Ijumaa. Tumerudi Moa. Nimempaka Bi. M. nyayo zote mbili. Imekolea vizuri." Basi. Mstari huo nimeusoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Je, niliona lengelenge? Mkono wangu ulipita pale, chini ya kidole kidogo cha mwisho, ukingoni mwa unyayo, ilikuwa lazima upite. Kuna siku naapa kwamba nilihisi palikuwa na ugumu nikadhani ni sugu. Kuna siku naona kabisa lengelenge la maji, jeupe, ukubwa wa kunazi, na mimi napitisha hina juu yake kwa sababu si adabu kumwambia mkubwa wako mguu wake una kasoro. Sijui ipi ni kumbukumbu na ipi ni kujihukumu. Ninachojua ni kwamba nilifunika, na kwamba sikusema neno.

Zilipita siku tisa. Bi. Mwanakombo alianza kutetemeka kama mwenye malaria, akanywa maji mtungi mzima, akakataa chakula. Majirani wakaleta uji wa mtama. Mimi nikatwanga hina nyingine. Aliyeingia na kusema lililotakiwa kusemwa alikuwa Bi. Sauda, na hili nataka liandikwe kwa wino mzito, maana uani kwenye msiba hakuna hata mmoja aliyemtaja. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kazi, pua juu. "Wifi, mguu wako unanuka."

"Unanitukana nyumbani kwangu?"

"Sikutukani. Nakwambia. Unanuka kama samaki wa juzi. Hawa, weka kinu hicho chini, katafute gari."

"Hina tu hiyo," nikasema mimi.

"Hina naijua kabla hujazaliwa," akasema Bi. Sauda. "Hina hainuki hivyo."

Kwenye chumba cha vidonda cha hospitali tulimkuta Sista Hilda, mama wa Kilutheri kutoka milima ya Lushoto, mfupi, mwenye mikono mikubwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku keshainama miguuni. Akauinua ule mguu, akaugeuza kwenye mwanga. "Hii hina nani kapaka?"

"Mimi, Sista."

"Unapaka vizuri sana," akasema. "Sioni kitu. Sijui ngozi hii ni nyekundu, ni nyeusi, imekufa au iko hai." Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa nafuu. Kisha akachukua kipande cha pamba, akamwambia Bi. Mwanakombo atazame ukutani, akabonyeza kwa kidole pale chini ya kidole cha mwisho. Usaha ukatoka mpaka kwenye beseni, na Bi. Mwanakombo akaendelea kutazama ukutani akauliza, "Mmeshaanza?"

Alilazwa. Daktari, kijana mwenye miwani, alichukua kalamu ya wino akamchora mstari kuzunguka mguu juu kidogo ya kifundo, mahali uvimbe wa kung'aa ulipoishia. Bi. Mwanakombo aliutazama mstari huo kwa jicho la fundi. "Mkono wako haujatulia, baba," akamwambia. "Umepinda hapa nyuma." Daktari akacheka, lakini alipotoka nje nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ukumbini na nikamsikia akimwambia Sista Hilda, "Yule wa hina. Kidole hakiponi, hicho kinaondoka. Tunasubiri mpaka kesho kutwa. Uvimbe ukivuka mstari, tunakata chini ya goti. Usimwambie leo, sukari iko juu, ataongeza presha." Nikabaki na maneno yale kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake amshike. Nilimwambia Bi. Sauda, nikitarajia atajua la kufanya kimyakimya. Bi. Sauda akaingia wodini moja kwa moja akamwambia yote, hata goti. Nilidhani ni ukatili. Bi. Mwanakombo alirekebisha mtandio wake, kisha akasema, "Mguu ni wangu, halafu habari zake nazipata mtu wa tatu. Hawa, njoo hapa."

Nikaenda.

"Kila asubuhi utautazama mguu huu. Wote, juu na chini. Unaniambia ulichokiona. Usinionee haya. Tumeoneana haya vya kutosha, mimi na wewe."

Hapo nikajua kwamba alijua nilichofunika. Hatukulizungumza tena jambo lile, si mwaka ule wala baadaye, na sijui kama alinisamehe au aliona hakuna cha kusamehe. Siku zile mbili alipigwa sindano za insulini bila kukunja uso. Mguu uliinuliwa juu ya blanketi zilizokunjwa. Wageni wa kutoka Moa walikuja na halua, wenyewe wamejawa na majuto kwa ajili ya lile kaa, akawapokea vizuri, akaishika ile sahani, akaipitisha kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Asubuhi ya kwanza nilitazama nikamwambia, "Umefika kwenye mstari." Akasema, "Umevuka?" Nikasema, "Umegusa." Akasema, "Kugusa si kuvuka." Asubuhi ya pili nilipiga magoti kabisa sakafuni, pua yangu karibu na kifundo chake, nikapima kwa vidole vyangu. Ngozi karibu na mstari ilikuwa imeanza kukunjamana, kama ngozi ya embe lililolala, na uvimbe ulikuwa umeshuka vidole viwili. Nilipomwambia hakushukuru wala hakulia. Alisema, "Basi wachukue hicho kidole chao, nirudi nyumbani."

Kidole kiliondolewa siku hiyo. Bi. Sauda alikidai, maana kwetu kiungo cha Mwislamu hakitupwi, akapewa kimefungwa vizuri. Tulikwenda makaburini mimi na yeye na mzee mmoja wa kuchimba. Shimo lilikuwa dogo kama la kupandia mhogo. Bi. Sauda akafukia kwa mikono yake, akajipangusa mchanga, akasema, "Tangulia wewe. Mwenyewe atakuja akiitwa, na asiitwe kwa vipande vipande." Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka makaburini. Yeye hakucheka, lakini naamini alitaka nicheke.

Watu hudhani kwamba hapo ndipo hadithi inapoishia, mguu umeokoka. Sista Hilda alitueleza vingine. Alisema wengi hurudi kukatwa baada ya miezi, kwa sababu wakitoka hospitali wanauona mguu hauumi wanaukanyaga. "Wewe huna mlinzi," alimwambia Bi. Mwanakombo. "Mwenzio akikanyaga mwiba, maumivu yanampigia kelele. Wako kalala. Sasa macho ndiyo yafanye kazi ya maumivu. Ya kwako, ya huyu binti, ya wifi yako." Hakutakiwa kuukanyaga mguu wa kulia mpaka kidonda kifunge, hata kama ni miezi. Akakubali. Aliapa. Kwa wiki tatu nilimfunga na kumfungua, nikaandika: "Kidonda rangi ya nyama mbichi. Sista kasema ndiyo tunayoitaka." "Kidonda kimepungua, kiasi cha kokwa ya tende." Halafu siku moja Sista Hilda akaufungua mguu, akageuza bendeji upande wa chini, akanionyesha. Kulikuwa na machicha ya nazi yamegandia.

"Mama, umetembea."

"Mimi? Sijatembea."

"Haya ni nini?"

"Yameruka," akasema Bi. Mwanakombo. "Wifi akikuna nazi, yanaruka."

"Kutoka jikoni mpaka chini ya mguu wako? Machicha ya Tanga yana mabawa?"

Kidonda kilikuwa kimefunguka upya pembeni. Wiki tatu za kazi zilirudi nyuma. Njiani kurudi nilimkasirikia, nikaandika usiku huo kwamba hastahili kusaidiwa. Nimeliacha neno hilo daftarini bila kulikata, ili nisijione bora kuliko nilivyokuwa. Ukweli ni kwamba alikwenda jikoni kuonja mchuzi. Alikuwa amekaa chumbani siku ishirini na moja, mwanamke aliyezoea kuingia nyumba tatu kwa siku, na akasikia harufu ya mchuzi unaoharibiwa. Ningekuwa mimi, ningekwenda siku ya tatu. Bi. Sauda hakukasirika wala hakuhubiri. Kesho yake alibeba mbuzi ya nazi, jiko la mkaa, kinu na vyungu, akavipanga ukumbini mbele ya mlango wa chumba cha kazi, umbali salama. "Haya," akasema. "Jiko limekuja kwako. Toa amri zako ukiwa hapo hapo kitandani." Tukapika ukumbini miezi mitano. Moshi ulitia weusi dari ambayo mume wa Bi. Mwanakombo aliipaka chokaa mwenyewe, na hakuna aliyeilalamikia. Sukari ya chai Bi. Sauda aliifungia kwenye sanduku lake la nguo, kwa hiyo chai ya nyumba nzima ikawa chungu, na gauni zake zikapata sisimizi.

La kutawadha lilikuwa zito zaidi. Bi. Mwanakombo alikuwa akilowesha bendeji mara tano kwa siku, kwa sababu hakutaka kusimama mbele ya Mola wake na mguu mkavu. Sista Hilda hakuthubutu kulisema. Alisema si la dini yake kuliingilia. Bi. Sauda akajifunga buibui akaenda kumuuliza maalimu wa madrasa, akarudi na jibu kwamba juu ya bendeji unapangusa tu kwa mkono wenye maji, inatosha, na anayejidhuru makusudi hana thawabu. "Kasema hivyo kweli?" akauliza Bi. Mwanakombo. "La mwisho nimeongeza mimi," akasema Bi. Sauda, "lakini hakunikataza." Mguu mwingine, ule mzima, nilikuwa nikiufuta kila baada ya udhu kwa kitambaa kikavu, kila kidole na kidole, kwa kuwa unyevu ukilala katikati ya vidole huipasua ngozi. Mafuta ya nazi juu na kisigino, si katikati. Kucha kukata moja kwa moja, si kuchimba pembe. Maji ya kuoga aliyajaribu Bi. Sauda kwa kiwiko chake. Kila asubuhi baada ya chai nililaza kioo cha ukutani sakafuni, akauleta unyayo juu yake, tukatazama wote wawili. Hina sikumpaka tena. Rangi ilififia taratibu, ikatoka wekundu, ikabaki manjano ya majani makavu, na siku moja nikaona unyayo wake wenyewe kwa mara ya kwanza tangu nimjue: mweupe wa kijivu, wenye mistari mingi, na wa mtu mzima kuliko nilivyodhani.

Kidonda kilifunga mwezi wa saba tangu kidole kiondolewe. Sista Hilda akatuonya kwamba penye kovu ndipo patakapopasuka kwanza, na kwamba asikanyage chini peku maisha yake yote, hata ndani, hata chumbani, hata hatua moja. Ndara za kuchomeka kidoleni pia alizikataza. Tukaenda kwa fundi viatu mmoja Mbondei aliyekaa chini ya ukuta karibu na soko, Mzee Shemhilu, ambaye ujana wake wote alishona katambuga za wakata mkonge. Aliupapasa mguu kwa gumba lake kama anayepima unga. "Mguu unaochomwa na miba naujua," akasema. "Usiosikia ni mgeni kwangu. Lakini kiatu hakiulizi." Akakata soli ya tairi, akabandika juu yake tabaka mbili za mpira laini, akachimba kishimo mahali kovu litakapolala, akaweka mikanda mipana bila msumari hata mmoja, yote kwa uzi. Alishona jozi mbili, moja ya nje, moja ya ndani. Ya ndani ndiyo iliyoleta vita.

"Nivae viatu juu ya mkeka?" akauliza Bi. Mwanakombo. "Anayeingia ndani na kwato zake ni punda."

"Punda ana miguu minne, wifi," akasema Bi. Sauda. "Wewe una miwili, tena mmoja wa kuazima. Vaa."

Akavaa. Nyumbani alizoea. Lakini kazi yetu haikuwa nyumbani, ilikuwa kwenye nyumba za watu, na hakuna nyumba ya Mwislamu hapa Tanga ambayo unaingia na viatu mpaka kwenye mkeka wa bibi harusi. Harusi ya kwanza tuliyoitwa baada ya ugonjwa ilikuwa Raskazone, kwenye jumba moja la zamani lenye baraza pana na sakafu ya saruji iliyong'arishwa. Mlangoni tulipokewa na bibi wa bibi harusi, mama mnene mwenye bangili nyingi, na Bi. Mwanakombo akavua viatu vya nje akatoa mkobani vile vya ndani, visafi, havijawahi kukanyaga ardhi. Bibi akavitazama. "Hapa kwetu, dada yangu, viatu vinabaki nje."

"Najua, mama."

"Mazulia ya watu haya. Na watu wanasali humo."

"Najua. Hujakosea," akasema Bi. Mwanakombo. "Basi na mimi nitabaki navyo nje. Mniletee bibi harusi hapa barazani."

Akajikalisha kwenye kiti cha baraza, mkoba mapajani. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimnong'oneza kwamba ni nusu siku tu, kwamba nitamshika mkono, kwamba nitakagua zulia lote kwanza. Akatikisa kichwa. Kutoka ndani tulisikia mzozo wote, maana dirisha lilikuwa wazi: kwamba huyu amekuwa na majivuno tangu auguzwe, kwamba waite mpakaji wa Chumbageni, kwamba bibi harusi kuonekana barazani ni nuksi. Nilijua tukiondoka pale habari itaenea, na wa kuitwa tena ni nani. Yeye pia alijua. Nilimwona akiutazama mguu wake, si kwa kuuhurumia, bali kama mtu anayemtazama mwenzake aliyekwisha kukubaliana naye. Mwisho akatoka bibi harusi mwenyewe, kajitanda kanga mbili, anaburuta godoro. "Bibi, hina ni yangu mimi," akasema kwa kugeuka nyuma, "na nimemngoja yeye." Wakafunga mashuka kwenye nguzo za baraza, tukaanza kazi.

Alasiri, nilipokuwa namaliza mguu wa pili wa bibi harusi, yule bibi alikuja akaketi nasi. Alikuwa ametulia. Alisifu maua, akaagiza tuletewe sambusa, akamuuliza Bi. Mwanakombo nani amemshonea vile viatu. Kisha akasema, kama jambo dogo tu, "Binti akimaliza, na mimi anipake chini ya miguu. Inaniwaka sana siku hizi. Nipoe kidogo." Bi. Mwanakombo alinitazama. Nikaiweka bakuli chini, nikanawa mikono, nikauchukua mguu wa yule bibi mapajani mwangu. Kisigino kilikuwa salama. Unyayo ulikuwa salama. Nikafungua vidole kimoja kimoja, na kati ya cha nne na cha mwisho palikuwa na mpasuko, mwembamba kama ukucha, umelowa, ukingo wake mweupe. Kina mama wa nyumba walikuwa wamezunguka, watoto, wageni kutoka Mombasa, na mimi nilikuwa mpakaji hina wa miaka kumi na tisa kwenye baraza la watu wenye nyumba kubwa.

"Bibi," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "una kidonda hapa. Sitakupaka hina. Kesho asubuhi nitakupitia twende hospitali."

Bibi akainama, akautazama mguu wake kama wa mtu mwingine. "Mbona sisikii kitu?"

"Najua, bibi," nikamwambia. "Ndiyo maana nakwambia."